Fonti za mraba-mraba zenye sura ya kompyuta za zamani: ipi uchukue, ipi ulipie

Fonti nene ya mraba-mraba, yenye sura ya mashine za michezo za miaka ya 1980, hupatikana bila kutoa hela. Nne za kwanza hapa zina SIL Open Font License: unazitumia hata kwenye kazi za biashara, ila huruhusiwi kuuza faili la fonti peke yake.

1. Orbitron (Matt McInerney). Inaongoza kwa sababu haina masharti ya saizi. Haikujengwa kwa pikseli (nukta za mraba za skrini), hivyo unaweza kuikuza ijae ukuta mzima. Uzito wake, yaani unene wa mistari ya herufi, ni 400 hadi 900. Kwa bango chukua 900. Usiipangie aya: ni pana, inachosha macho haraka.

2. Press Start 2P (CodeMan38). Hii ndiyo sura yenyewe, imetokana na herufi za michezo ya Namco, kampuni ya michezo ya Japani. Gridi yake ni 8 kwa 8, kwa hiyo tumia saizi ya pikseli 8, 16, 24 au 32. Ukiweka 20, miraba hailingani na pikseli za skrini na kingo zinapata ukungu. Kero kubwa zaidi ni upana: kila herufi, hata i, hula nafasi sawa na saizi yenyewe. "Tunawakaribisha" lina herufi 15. Kwa saizi 24 linakula pikseli 360, yaani skrini ya simu yenye upana huo imejaa na pembeni hapabaki kitu. Kwa vitenzi vyetu virefu, shuka hadi 16.

3. Pixelify Sans. Herufi nyembamba hupewa nafasi ndogo, kwa hiyo inafaa vichwa virefu. Uzito 400 hadi 700.

4. Silkscreen (Jason Kottke, 1999). Ya lebo na vitufe vidogo. Haina herufi ndogo.

5. Lo-Res (Zuzana Licko, wa kampuni ya fonti ya Emigre). Ya kulipia. Mizizi yake ni fonti za 1985 zilizochorwa kwa ajili ya skrini za Macintosh, zikakusanywa upya 2001. Inalipa ukihitaji familia nzima. Kwa kichwa kimoja ni anasa.

Leseni za kulipia mara nyingi hutenganisha kompyuta, tovuti na programu za simu. Soma kwanza inachofunika.

Kabla ya kuamua, jaribu O na 0, B na 8, S na 5 zikiwa pamoja, uone kama zinatofautiana. Andika pia "ng’ombe" kwa ritifaa iliyopinda, ile ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe. Fonti isiyo nayo huazima ya fonti nyingine na neno huonekana lina kiraka.

Kwa vibandiko, kagua mchoro wenyewe. Fonti nyingine za pikseli huchora kila mraba peke yake: kwenye PDF hutokea mistari myeupe kama nywele, na mashine ya kukata vinaili hukata kila kipande. Geuza maandishi kuwa vekta (maumbo ya kuchorwa badala ya herufi), unganisha miraba yote kuwa umbo moja, ndipo utume faili.