Muvi za polisi wachafu: ipi uanze nayo kwenye flashi

Wadau wa Mwanza, ukiingia kibanda cha muvi pale Makoroboi au Mlango Mmoja ukasema nataka za polisi, utajaziwa flashi mpaka itapike na nusu yake ni magari kupinduka tu. Mimi naongelea zile ambazo polisi mwenyewe humwelewi, sasa hivi unamshangilia baada ya dakika tano unaomba afungwe.

Namba moja haina mjadala, Training Day ya 2001. Denzel Washington ni mpelelezi wa madawa Los Angeles, anapewa kijana mgeni kazini (Ethan Hawke) amfundishe, na karibu yote yanatokea ndani ya siku moja. Utamu wake jamaa anaongea pointi, unajikuta unatikisa kichwa kwamba eti bila kuchafuka huwezi kukamata wahuni, ukija kushtuka ushakuwa upande wake. Oscar ya mwigizaji bora aliichukua kwa hii. Sasa sikiliza, chukua yenye sauti yake na sabtaito, achana na iliyotafsiriwa! Tafsiri nazipenda sana kwenye za Kihindi na za ngumi, ila hapa mtafsiri akikwambia dakika ya kumi "huyu ndo adui" basi umeibiwa, maana raha yote ilikuwa wewe mwenyewe uhangaike kujua stering ni nani.

Kama Kiingereza kinakusumbua nenda na Nairobi Half Life ya 2012, Kiswahili na Sheng mwanzo mwisho, polisi wa humo wanakula na wezi sahani moja. Ningeiweka juu ila stering wake ni mwizi sio askari.

Ya tatu The Departed, 2006. Polisi kajificha kwenye genge, mtu wa genge kajificha polisi, wote wanatafutana humo humo Boston. Ilibeba Oscar ya filamu bora lakini imetokana na ya Hong Kong, Infernal Affairs ya 2002, ambayo ni fupi kwa karibu dakika 50 na kwangu imekaza kuliko hiyo ya Marekani, ukibahatika kuikuta beba.

Serpico ya 1973 ni kisa cha kweli, askari wa New York anakataa rushwa wenzake wanamgeuka, Al Pacino kaigiza balaa humo. Inaenda taratibu mno, ya kuangalia kwenye meli ya Nansio. Bad Lieutenant ya 1992 kali ila mama mkwe asiwe sebuleni.

Kabla hujalipa mwambie mwenye kibanda aifungue muvi kwenye kompyuta aipeleke mpaka dakika za mwisho, zingine zimekatwa. Flashi ikiwa imefomatiwa kwa mfumo wa FAT32, faili la zaidi ya GB 4 haliingii, omba faili dogo. TV zingine zinagoma faili za aina ya MKV, bora MP4, na faili la sabtaito liwe na jina lile lile la muvi la sivyo TV hailioni.