Bushi za mikono ya nyuma ya Benzi W123: pima kibomba kabla hujatoa hela

Mwaka jana nilishusha mikono ya nyuma, yaani vyuma vinavyoshika magurudumu ya nyuma, ya Benzi 240D (mojawapo ya W123) aliyoniachia marehemu baba, nikatoa bushi zote nne, ile mipira yenye kibomba cha chuma inayounganisha mikono na gari, nikaweka mpya, nikarudisha kila kitu. Jumamosi mbili nzima nimelala chini ya gari. Haikupita miezi miwili, mkia ukaanza kuyumba tena kila nikiachia mafuta kwenye kona. Nilipofungua boliti nikakuta tundu lake kwenye fremu ndogo ya nyuma inayobeba mikono limeshaanza kuliwa, ilhali mpira wa bushi ulikuwa mzima. Kilichoniponza ni kile kibomba cha chuma cha ndani ambacho boliti hupita. Kilikuwa kifupi kuliko mpira kwa karibu milimita mbili.

Kwa hiyo mwongozo huu hauzungumzii mpira laini au mgumu, wala rangi ya boksi. Hayo kila muuzaji atakueleza. Mimi nakwambia uangalie kibomba.

Ukikaza boliti, kuta mbili za chuma hukibana kibomba kwenye ncha zake hadi kisizunguke tena. Mkono ukipanda na kushuka, mpira ndio unaojinyonga, kwa sababu umegandishwa kwenye kibomba ndani na umeshikwa na chuma cha nje. Kibomba kikiwa kifupi, zile kuta zinabana mpira. Utakaza mpaka mishipa ikutoke, spana itakuambia imeshika, kumbe kibomba kinaelea na kuzunguka juu ya boliti. Hapo chuma kinakula chuma, tundu linapanuka, na gharama yake sasa ni kuchomelea, tena mahali pabaya.

Kupima ni dakika moja, pale pale kaunta. Simamisha bushi juu ya kioo cha meza: kinachogusa kioo kiwe chuma, pande zote mbili. Kisha nenda na bushi ya zamani na vernia (kipimio cha urefu cha milimita), linganisha urefu wa vibomba. Mwisho ingiza bisibisi ndani ya kibomba ujaribu kukizungusha. Kinatakiwa kikatae, na ukiachia kirudi kilipokuwa. Kikizunguka kirahisi, mpira haukugandishwa, umeshindiliwa tu. Muuzaji akikukatalia kufungua mfuko, toka dukani.

Ya kwanza kwangu ni Lemförder, na sifichi kwamba naipenda. Ni Wajerumani waliokuwa wakiwatengenezea Mercedes wenyewe vifaa vya miguu na usukani, na leo wako chini ya kampuni ya ZF. Mara nyingi kwenye vifaa vyao vya Benzi utaona sehemu imesagwa pale ilipokuwa nyota, nembo ya Mercedes, maana hawaruhusiwi kuuza na nyota ya mwenzao. Nne nilizonunua mara ya pili nilizipima moja moja: vibomba vyote urefu mmoja, ncha zimekatwa sawasawa, mpira umerudi ndani kidogo. Nilizishika mkononi nikajisikia vibaya kwa zile Jumamosi mbili.

Ya pili ni ya boksi la Mercedes lenye nyota. Ubora sina neno nao, ila bei yake inauma, na sehemu ya bei hiyo ni nyota tu. Inunue kama Lemförder imekosekana.

Ya tatu ni Febi Bilstein au Meyle. Nazo ni za Ujerumani na zinapatikana kirahisi zaidi. Nimefunga Febi mbele, ziko salama. Zipime tu kama nyingine.

Bushi ya poliyurithani, aina ya plastiki ngumu inayowekwa badala ya mpira, siiweki kwenye gari la aina hii. Yenyewe haijinyongi, inateleza juu ya kibomba, kwa hiyo inataka grisi yake maalumu, na ikikauka au ikiingia vumbi italia kila tuta. Benzi hii ilitengenezwa ipite juu ya barabara mbovu kama imebeba mgonjwa. Kwa nini uiharibie hilo?

Zile za bei ya chee zisizo na jina, ndizo zilizonitia hasara. Sina la kuongeza.

Linaloniudhi zaidi ni maneno ya dukani. "Dada, gari hili limeshakufa, spea zake hazitengenezwi tena, chukua hii hii." Si kweli. W123 ilitengenezwa kuanzia mwishoni mwa 1975 hadi mwanzoni mwa 1986, na yalitoka magari takriban milioni 2.7. Spea za gari lililouzwa kwa wingi huo zinaendelea kutengenezwa hadi leo, agiza. Na wapo wanaotaja bei kwa kuangalia funguo mkononi mwako: ukisema ni ya Benzi, bei inapanda hapo hapo. Siku hizi natamka namba ya spea tu, gari silitaji. Yule aliyeniuzia zile fupi nilimrudishia na vernia mkononi, akaniambia fundi ndiye hajui kufunga. Fundi mwenyewe nilikuwa mimi.

Ukishapata bushi nzuri, nunua na boliti na nati mpya siku hiyo hiyo, maana za zamani huwa zimeliwa pale kibomba kilipokaa. Weka gari kwenye stendi, usiamini jeki peke yake. Kabla hujafungua shokamzoba, uwe umeubeba mkono kwa jeki nyingine, kwa sababu shokamzoba ndiyo inayouzuia mkono usishuke na springi bado ina nguvu. Boliti za bushi zipachike tu kwa kuanzia. Zikaze mwisho, gari likiwa limesimama kwa matairi yake na uzito wake wote. Ukizikaza mkono ukiwa unaning'inia, mpira utakuwa umejinyonga hata gari likiwa limepaki, na utachanika mapema.

Kabla ya kutoka chini, paka tone la rangi linaloshika ukingo wa kibomba na ukuta wa chuma kwa pamoja; likikatika, ujue kibomba kimezunguka. Yangu yana miezi minane sasa. Juzi nilichungulia kwa tochi, matone yote manne hayajakatika.