Nyumba mpya za kupanga upande wa Ndosho: maoni yangu

Bandugu benye munatafuta nyumba Goma, hizi mpya ziko muzuri kabisa. Kuta ni mawe ya volkano, inapatikana hapa hapa, na madirisha iko pande mbili upepo unapita. Lakini chenye kinanifurahisha zaidi ni maji, kila nyumba iko na gata na tanki, na hesabu ni nyepesi: milimita 1 ya mvua kwa metre kare 1 ni litre 1, basi manjanja (mabati ya juu ya nyumba) ya metre kare 40, mvua ikanyesha milimita 10, unapata karibu litre 400, na bamama habatembei tena na mabido mpaka ku ziwa.

Shida iko moja na ni kubwa: hakuna tuyo (bomba) ya kutupa maji ya kwanza ya mvua, ile yenye inaosha uchafu ya manjanja, na siye tuko karibu na volkano Nyiragongo, moshi yake inatia asidi na floridi ndani ya mvua, hata manjanja inakuliwa haraka. Kufua sawa, kunywa hapana, floridi mingi inaharibu meno ya batoto. Mwenye nyumba aweke ile tuyo tafazali! Choo sawa, walichimba kweli ndani ya mwamba. Bei iko juu kidogo.