TAHADHARI: Miche ya paulonia "ya miaka mitatu" na mkataba wa kununuliwa mbao

Wakuu, kuna muuza miche anayezunguka kwenye makundi ya WhatsApp akitangaza paulonia chotara, "mti unaokua haraka kuliko yote duniani", eti unavunwa baada ya miaka mitatu, na juu yake mkataba kwamba mbao zote atazinunua yeye. Jina simtaji. Kampuni yake imeshabadilishwa jina tangu niliposikia habari zake mara ya kwanza, na nikilitaja hapa atalibadilisha tena. Mtindo wake haubadiliki, basi ujueni mtindo.

Niseme mapema kwamba mti wenyewe ni wa kweli. Paulonia asili yake ni Uchina, na mche ukipata udongo mzuri huweza kupanda mita kadhaa katika msimu mmoja. Majani ya mti mchanga ni makubwa ajabu, ndiyo maana picha zake zinavutia. Wajapani wametengeneza makabati ya nguo kwa mbao hizo kwa karne nyingi, maana ni nyepesi na hazipindi ovyo. Tapeli mzuri hujenga juu ya kitu cha kweli, na huyu amejenga juu ya hapo.

Kasoro zinaanzia kwenye hesabu. Kazi yangu ni kupima magogo kabla hayajapasuliwa, kwa hiyo kijarida chake kiliponifikia nilikimbilia jedwali la mavuno. Limeandika hivi: hekta moja, miche 1,600 kwa nafasi ya mita 2.5 kwa 2.5, kila mti mita moja ya ujazo, kuvuna mwaka wa tano (miaka mitatu iko kwenye tangazo tu, ndani ya kijarida imeshakuwa mitano). Zidisha mwenyewe. Ni mita za ujazo 1,600 kwa hekta, sawa na 320 kila mwaka. Mashamba ya mikaratusi ya Brazili, ambako makampuni yamechagua na kuboresha mbegu kwa miongo mingi, wastani wake hauendi mbali na mita za ujazo 40 kwa hekta kwa mwaka. Huyu bwana na kitalu chake amewazidi mara nane.

Hata kwa mti mmoja haiingii akilini. Mti wenye kipenyo cha sentimita 30 usawa wa kifua na urefu wa mita 15 una takriban nusu mita ya ujazo ukiwa umesimama, kwa sababu shina hupungua unene kadiri linavyopanda. Upeleke kwenye msumeno, mbao safi itatoka nusu hivi ya gogo au pungufu. Iliyobaki ni mabanzi na unga. Tumefika robo ya mita ya ujazo. Na hiyo ni kama mti utafika unene huo, ilhali miti iliyobanana kwa mita 2.5 haiwezi kufika yote. Lazima shamba lipunguzwe, miti mingine iondolewe mapema ikiwa bado myembamba na bei yake duni. Kijarida kizima hakina hata mstari mmoja kuhusu kupunguza miti. Mtu anayejua kilimo hiki asingesahau jambo hilo.

Anasema pia kwamba paulonia ni mmea wa C4 (aina ya mimea inayotumia hewa ukaa kwa ufanisi zaidi kwenye joto) kama mahindi na miwa, na kwa hiyo unameza hewa ukaa mara kumi ya miti mingine, na kwa hiyo utalipwa pesa za kaboni kila mwaka. Paulonia ni C3, yaani aina ya kawaida, kama ilivyo karibu miti yote. Na pesa za kaboni hazitoki kwa sababu umepanda mti. Mradi lazima uandikishwe kwenye mfumo kama Verra au Gold Standard, ukaguliwe na mtu wa nje, ndipo hati za kaboni zitolewe. Rejista zao ziko wazi mtandaoni. Mwombe namba ya mradi, uitafute mwenyewe. Alipoulizwa namba hiyo kwenye kundi, aliyeuliza aliondolewa.

Kitu kingine ni ile nembo ya FSC (shirika la kimataifa linalothibitisha misitu inayosimamiwa vizuri) aliyoibandika kwenye mifuko ya miche. Cheti cha FSC hutolewa kwa usimamizi wa msitu na kwa wanaopokezana bidhaa zake hadi dukani. Mche hauna cheti hicho, na hautakuja kuwa nacho.

Sasa mkataba, ambapo ndipo pesa zinapolala. Nimeusoma wote. Kipengele cha ununuzi kinasema kampuni "itanunua mbao zitakazokidhi kiwango, kwa bei ya soko ya wakati huo". Kiwango hakikuandikwa popote. Atakiweka yeye siku ya kununua. Bei ya soko ungeipata hata bila mkataba. Tarehe ya mwisho ya kununua haipo, wala fidia asiponunua. Chini zaidi kuna sharti kwamba mkulima atumie mbolea na "huduma ya usimamizi" ya kampuni, kwa malipo ya kila mwaka, la sivyo mkataba unavunjika. Akipungukiwa na wanunuzi wapya wa miche, anao wale wa zamani wa kuwakamua kwa mbolea. Halafu ukileta wenzako unapewa miche ya bure, kwa hiyo anayekushawishi kwa kawaida ni shemeji yako au mtu wa kikundi chako, naye anaamini kabisa anachokisema.

Angalieni jambo hili: faida yake yote ameipata siku ulipolipia mche. Mti ukikua, ukifa, ukiliwa na mchwa, kwake ni mamoja.

Na miche yenyewe ina shaka. Anaiuza kama ya maabara, yaani nakala za mti mmoja bora, kwa bei ya juu mara nyingi kuliko mche wa kawaida. Lakini mbegu za paulonia ni ndogo mno, kilo moja ina mamilioni, na mtu yeyote mwenye trei na kivuli anaweza kuziotesha. Miche ya nakala hufanana. Ile niliyoiona ilitofautiana urefu, umbo la jani na rangi ya shina, yote kwenye kreti moja. Hakuna lebo ya maabara, hakuna namba ya toleo la miche. Hakuuliza hata mnunuzi ana udongo gani, na paulonia mahali maji yanapotuama mizizi huoza.

Biashara ya namna hii si ngeni. Anubhav Plantations ya India, iliyokuwa ikiwauzia watu vipande vya mashamba ya misaji, iliporomoka mwaka 1998. Uholanzi, miaka ya 1990, uwekezaji wa misaji ya Kostarika ulizua mzozo mkubwa kwa sababu ya makadirio ya mavuno ambayo wataalamu wa misitu waliyakataa. Timbercorp na Great Southern za Australia, zilizopanda mikaratusi na mazao mengine kwa fedha za wawekezaji, zilianguka mwaka 2009 zikipishana wiki chache tu. Hizo mbili za Australia zilikuwa kampuni zenye mashamba ya kweli. Huyu wetu hajaonyesha hata shina moja lililokatwa.

Ndilo la kumwomba kabla ya kutoa pesa: shamba lake lililofikia umri wa kuvuna, ulipime kwa futikamba yako, na jina la kiwanda kilichonunua magogo yake, ukipigie simu mwenyewe. Mbao hii haina nguvu ya kubeba paa, kwa hiyo fundi wa nyumba hataitaka. Kama eneo lako halina mnunuzi wa mbao nyepesi, hata shamba zuri litakusumbua kuuza.

Waliokwisha lipa: hifadhini risiti, mkataba, na jumbe zote pamoja na zile za sauti, kabla hajafuta kundi. Pigeni picha za miche ilivyofika. Msilipe ada ya usimamizi ya mwaka ujao. Nendeni polisi mkiwa kikundi, maana malalamiko ya mmoja mmoja huwa anayamaliza kwa kurudisha kiasi kidogo na kusainisha karatasi ya kuacha madai. Karatasi hiyo msiisaini. Miche iliyoshika msiing'oe kwa hasira. Pogoeni, punguzeni, na tafuteni ushauri kwa bwana misitu asiyeuza kitu.