Kitufe cha kufuta cha ChatGPT: je, siri ya mteja inafutika?

ChatGPT, programu ya akili bandia inayojibu na kuandika, imeshaingia Unguja na Pemba. Nyumba za wageni za Jambiani zinajibia barua pepe, na makarani wa mawakili wananyooshea Kiingereza cha hati za madai. Hapa tunaipima kwa jambo moja tu: hali ya siri za mteja wako pale kampuni yenye programu inaposhitakiwa.

Kwa kawaida ukifuta mazungumzo, yanatoka kwenye orodha papo hapo na kwenye hifadhi ya kampuni ndani ya siku 30. Mwaka 2025 utaratibu huo ulisimama. Gazeti la The New York Times liliishitaki OpenAI, kampuni ya Marekani yenye ChatGPT, Desemba 2023 kwa madai ya hakimiliki, na Mei 13, 2025 mahakama ya New York ikaamuru hata yaliyofutwa yatunzwe kama ushahidi. Amri hiyo ya kutunza ilikoma Septemba 26, lakini yaliyokusanywa yalibaki. Novemba mahakama ikaagiza walalamikaji wakabidhiwe mazungumzo milioni 20 yaliyoondolewa majina. Walioyaandika hawakuwa upande wowote wa kesi.

Kuondoa majina ndiko kunakotutia wasiwasi zaidi. Jina na namba ya simu hung'oka, kisa haking'oki. Chukua mjane wa mwenye duka la vitambaa Mkunazini, mwenye watoto watano, anayedai nyumba ya Chake Chake mbele ya Kadhi. Jina halimo, na nusu ya Mji Mkongwe washamjua.

Kwenye mipangilio, sehemu ya udhibiti wa data, zima ruhusa ya mazungumzo kufundishia modeli, yaani akili bandia yenyewe. Izime, ila ujue inazuia kufundishia tu, haizuii kuhifadhi. Kinga ya kweli ni kabla ya kubandika: andika MDAI na MDAIWA, mtaa uwe "mtaa A", ondoa tarehe na namba ya ZanID (kitambulisho cha Mzanzibari). Orodha ya kurudishia majina ikae kwenye daftari la ofisini. Picha ya pasipoti ya mgeni usiipakie kabisa. Ukurasa mmoja una jina, sura, namba na tarehe ya kuzaliwa kwa pamoja.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inasimamia pia taarifa zinazotoka nje ya nchi, lakini kwa Zanzibar haigusi mambo yasiyo ya Muungano. Faragha ya mtu imelindwa pia na ibara ya 15 ya Katiba ya Zanzibar ya 1984. Mteja akiuliza nani aliyezipeleka habari zake Marekani, wa kujibu ni ofisi yako.

Kwa tangazo la vyumba au orodha ya vyakula, itumie bila hofu. Hati ya mirathi isiikaribie. Na ofisi inayotaka kulipia isidhani kulipa kunatosha: amri ya 2025 iliziacha akaunti za mashirika makubwa na za vyuo, ikazikumba za bure, za kulipia za mtu binafsi, na hata zile za timu ndogo ambazo ofisi nyingi za hapa ndizo zingenunua.