MDAS: dodoso zuri la hofu ya daktari wa meno, ila haliulizi hofu ilikotoka

MDAS (Modified Dental Anxiety Scale) ni karatasi moja, ya bure, na mgonjwa huimaliza kwa dakika mbili tatu. Asili yake ni dodoso la Norman Corah la mwaka 1969, lenye maswali manne. Mwaka 1995 Gerry Humphris na wenzake wakaongeza la tano, la sindano ya ganzi. Kila jibu lina alama 1 hadi 5. Jumla ikifika 19, hofu hiyo ni kubwa mno.

Swali la sindano ndilo lenye faida kuliko yote, mradi usiishie kwenye jumla. Mwenye 1, 2, 2, 1 na 5 ana alama 11, anaonekana hana neno. Sindano ikitolewa ataruka kitini.

Kasoro kubwa: hakuna swali la kung'oa jino, na hilo ndilo linalowaleta wengi kwenye kliniki zetu, tena shavu likiwa limeshavimba. Penye usaha ganzi hushika kwa shida, maana tishu zina asidi nyingi. Koleo linaingia, mgonjwa anapiga kelele, anaambiwa "vumilia kidogo". Safari nyingine atakaa nyumbani mpaka avimbe tena, na ganzi itagoma vilevile. Aliyetibiwa mara kadhaa bila maumivu kabla ya siku kama hiyo hatishiki upesi. Aliyeanzia hapo ana kazi.

Kwa hiyo ongeza mawili kwa kalamu: "Mara ya mwisho ganzi ilishika kabla daktari hajaanza?" na "Ulichokiogopa zaidi ni nini: sindano, mlio wa mashine, au kushikwa mikono?"

Anayeogopa sindano, kausha fizi kwanza kwa pamba, la sivyo jeli ya ganzi itaondoka na mate. Paka, subiri dakika moja hadi mbili, kisha sukuma dawa polepole: mililita 1.8 kwa dakika nzima au zaidi. Gego la chini lipe angalau dakika tano, na ulijaribu kabla ya kuanza. Mdomo unaweza kufa ganzi na jino liko macho. Kubalianeni kuwa akiinua mkono, kazi inasimama. Daktari asiyeweza kusimama asiahidi.

Na mpeni kalamu ajaze mwenyewe. Akisomewa kwa sauti mbele ya benchi zima, hata anayetetemeka atajibu "siogopi" mara tano.