TAHADHARI: Fundi anayenyofoa vipuri vya simu za zamani na kuuza "nyekundu orijino"

Ndugu zangu mnaopenda simu za kuzungusha, hasa mlioko Mombasa, Tanga, Dar na Unguja, someni hili kabla hamjatuma pesa. Kuna mtu anatangaza mtandaoni kazi mbili: anauza simu za Kiingereza za bakelaiti, ile plastiki ngumu ya zamani, "orijino kabisa", na anapokea simu za watu "azirudishe kama zilivyotoka kiwandani". Kazi hizo zinalishana. Anachonyofoa kwa aliyeleta simu ndicho anachomuuzia mnunuzi. Jina lake silitaji kwa kuwa kuna familia bado inamdai, ila mbinu zake naziweka wazi zote.

Simu iliyonifungua macho ni aina ya 332, ile nyeusi ya Posta ya Uingereza iliyoanza kutoka mwaka 1937, yenye kidroo chembamba cha kuvuta hapo chini mbele. Simu za muundo wa Kiingereza ndizo zilizojaa maofisini kwetu enzi za Posta na Simu ya Afrika Mashariki, kabla Jumuiya haijavunjika mwaka 1977, na wazee kadhaa waliostaafu huko walibaki nazo nyumbani. Mama mmoja alimpelekea fundi huyu simu ya marehemu mumewe. Ikarudi inang'aa kama kiatu kipya, lakini hailii. Kijana wake akaniletea niitazame.

Ndani hakukuwa na kengele. Vikombe viwili vya kengele, kinyundo chake na koili, vyote vimetolewa, na mahali pake pamebandikwa king'ora kidogo cha plastiki kwa gundi. Kidroo hakipo, tundu limezibwa. Kizungushio, na mkonga ule wa kushika sikioni, vilikuwa vya simu nyingine kabisa. Hata bamba la chuma la chini halikuwa lake, kwa sababu mzee alikuwa amekwaruza herufi mbili za jina lake kwenye bamba, na hili lilikuwa tupu. Baadaye akaja mtu mwingine na simu "nyekundu adimu" aliyoinunua kwa fundi huyohuyo kwa bei ya pikipiki iliyotumika. Nikaipindua. Herufi za marehemu zilikuwa pale. Nikazipiga picha nikamtumia yule mama, akazitambua mara moja.

Sasa hiyo nyekundu. Simu za aina hii zilitengenezwa kwa rangi nne: nyeusi, nyeupe ya pembe, nyekundu na kijani. Za rangi ni chache kuliko nyeusi, kwa hiyo bei yake iko juu sana, na hapo ndipo ulaghai unapoingia. Bakelaiti yenyewe haikubali rangi nyepesi. Utomvu wake ni wa giza tangu mwanzo, ndiyo maana simu za bakelaiti ni nyeusi au kahawia. Zile za rangi zilifinyangwa kwa plastiki ya aina nyingine, na rangi imo ndani ya plastiki yenyewe, haikupakwa juu. Kwa hiyo mwombe muuzaji afungue kifuniko cha mdomo kwenye mkonga akupigie picha ya hesi zake. Kisha picha ya ndani ya bodi, na ya sehemu mkonga unapolalia. Ukiona weusi popote, hiyo ni simu nyeusi iliyopuliziwa rangi. Anayekuandikia "nyekundu, bakelaiti halisi" katika sentensi moja ameshajisema mwenyewe. Huyu fundi, ukimwomba picha ya ndani, anasema simu imefungwa tayari kwa safari. Kila mnunuzi niliyezungumza naye aliambiwa maneno hayohayo.

Kizungushio nacho kina ushahidi wake, nao ni mzuri kwa sababu wauzaji wengi hawaujui. Kwenye vizungushio vya Uingereza vyenye herufi, tundu la 6 lina MN tu, na O imehamishiwa kwenye sifuri pamoja na Q. Cha Marekani kina MNO kwenye 6. Simu ya Posta ya Uingereza yenye MNO kwenye 6 imebadilishiwa kizungushio, hata ikiwa imesuguliwa ikang'aa vipi. Isikilize pia: zungusha sifuri uachie. Kilicho kizima kinarudi kwa mwendo mmoja, sekunde moja na kidogo, kikinguruma sawasawa, kwani sifuri ni mapigo kumi ya umeme, nacho kinakata mapigo kumi kwa sekunde. Kikirudi kwa kushtukashtuka, au kama kila tundu lina kitufe cha kubonyeza, hilo ni pambo. Simu nyingi za shaba zinazometameta kwenye maduka ya watalii ni za namna hiyo, zinatengenezwa India siku hizi. Kuziuza kama mapambo si kosa. Kosa ni kuziita za mwaka 1920.

Mkonga wa 332 una namba 164 iliyofinyangwa, na karibu yake tarakimu za mwaka. Hapa nawaomba muwe waadilifu pia: mwaka wa mkonga usipolingana na wa bodi, usimwite mtu mwizi. Simu hizi zilikodishwa, zikirudi zinakarabatiwa kiwandani kwa vipuri vilivyopo, kisha zinapelekwa kwa mteja mwingine. Mchanganyiko wa miaka kadhaa ni historia ya simu yenyewe. Gundi, king'ora na rangi ya kupuliza si historia.

Kinachoniuma zaidi ni msasa. Anaipiga bakelaiti msasa ili ing'ae haraka. Uso wa bakelaiti ni ngozi nyembamba ya utomvu. Chini yake kuna unga wa mbao uliochanganywa humo. Ukishaikwangua ngozi, simu inang'aa wiki chache kwa mafuta, halafu inafifia na kuwa na madoa ya kahawia, na hakuna anayeweza kuirudisha. Baadhi ya bakelaiti za zamani zina asbesto pia, hivyo vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Kitambaa chenye unyevu na sabuni kidogo, kisha dawa laini ya kung'arishia, vinatosha.

Kama lazima umpe fundi yeyote simu yako, ifungue kwanza mbele yake. Piga picha kengele, kapasita, mgongo wa kizungushio, bamba la chini na namba za mkonga. Andikianeni kwamba kila kipuri kinachotolewa, hata kibovu, kinarudi kwako mfukoni. Fundi mwaminifu hatakasirika.

Bamba limerudi kwa mama. Bado vinatafutwa kidroo, kengele zote mbili, na mkonga wa 164 ambao ndani ya kifuniko cha sikio umefungwa uzi wa kijani, mzee aliuweka mwenyewe ili kisilegee. Uliyenunua 332 kwa muuzaji wa mtandaoni hivi karibuni, nyeusi au ya rangi, fungua kifuniko hicho utazame. Ukiuona uzi, niandikie faraghani. Mama yuko tayari kukulipa gharama ya kipuri.